Reli za Shimo la Lifti, Parklands

Siku yangu ya kwanza kwa site, hapo Riruta, nilidhani kazi ni kubeba tu. Foreman wetu, Mzee Mutiso, akanitupia kamba. "Zunguka hiyo slab, hiyo sakafu ya zege. Kila mahali mtu anaweza anguka, pima." Mimi hii kitu sijasomea shule yoyote. Nikazunguka ukingo wa nje, nikarudi nikijigamba. Akaniuliza, "Na ngazi? Na shimo la lifti? Ama hapo watu wako na mabawa?"

Hivyo ndio nilianza kukadiria reli. Reli ni zile vyuma tunafunga kwa ukingo ndio mtu asitumbukie: moja ya kiunoni, moja ya katikati, halafu ubao chini, nyundo isiteleze ikapasue mtu kichwa. Unapima kila upande uko wazi, unaongeza pale vyuma vinapishana, na kila kona inataka nguzo yake. Balkoni moja ni pande tatu. Hapo ndio watu husahau.

Site ya Parklands ilitushika hapo hapo. Mwenye jengo aliongeza balkoni wakati reli zishaagizwa. Siku ya kumwaga zege, lori iko kwa geti inazungusha zege, reli hazitoshi. Site manager jasho inamtoka.

"Mutiso, toa za shimo la lifti, weka kwa balkoni. Shimo funika na plywood."

"Hapana, boss. Mtu ataokota hiyo plywood, aibebe imemziba macho, hatua moja ameingia shimo."

"Basi shuka. Nitatafuta foreman mwingine."

Aii! Damu ikanipanda. "Akishuka, nashuka!" Nikavua helmeti nikaitupa chini. "Na hiyo zege umwage na mkono yako!"

"Wewe mdomo, nyamaza," Mzee akanikemea. Lakini wale vijana wa kufunga chuma walikuwa washaanza kuweka koleo chini, mmoja mmoja, bila kelele.

Manager akatuangalia. Akaenda mpaka kwa shimo, akachungulia orofa nne chini. Aliporudi alikuwa ameshika simu. Reli zikaletwa kutoka site yetu ya Spring Valley, tukafunga pande zote, ndio zege ikapanda. Mzee hakushuka.

Mimi nimetoka kwa hiyo kazi mapema kuliko nilivyotaka, goti ilikataa ngazi. Vijana huniuliza nilijenga nini hapa Nairobi. Nyumba ni za wenyewe, siwezi ita hata moja yangu. Lakini site zote tulipima na Mzee Mutiso, hakuna mama alipigiwa simu aje achukue mtoto wake. Hata moja. Na mtu akinibishia hapo, tutakosana.