Kitabu Kinene cha Kwenda Kasama

Dada yangu Leokadia aliondoka Ifakara na fundi wa reli Mzambia, bila posa na bila kumuaga mama. Kwa miaka tisa mama hakulitaja jina lake. Katikati ya miaka ya tisini miguu ya mama ilianza kuvimba, nikaamua kwenda Kasama kumwomba dada arudi amwone. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na sikuwahi kuvuka mpaka wowote. Nikaona msomi kama mimi hawezi kwenda ng'ambo bila kitabu cha kumwongoza.

Kibaoni, hapo hapo Ifakara, Jumamosi asubuhi. Bwana Kasiani aliuza vitabu vilivyokwishasomwa, vingi vimeachwa na wazungu waliopita. Vya Zambia alikuwa navyo viwili, vyote vya Kiingereza. Kimoja kilikuwa chembamba, jalada limechanika. Kingine kilikuwa kinene, kina ramani ya kukunjua na orodha ya maneno ya Kibemba, lugha ya Kasama, mwishoni.

"Mwalimu, chukua hiki chembamba," alisema. "Kinaeleza watu wanavyoishi. Hicho kinene ni cha hoteli na tembo."

"Mimi si mtu wa vijitabu, bwana Kasiani."

Ukweli ni kwamba nilitaka abiria wenzangu wakione. Nilikibeba kwapani hadi nyumbani, jalada likitazama nje.

Mlabani, nyumbani kwangu, siku ya kuondoka. Mama alikuja na kiroba cha mchele, ameutwanga mwenyewe kwenye kinu, ameupepeta na kukishona kiroba kwa mkono.

"Mpelekee dada yako," alisema, akaondoka kabla sijamjibu.

Nilifungua kitabu changu kwenye orodha ya maneno. *Ubwali: chakula cheupe cha kila siku, huliwa kwa mkono.* Ubwali, wali! Mtu wa Kilombero, bonde letu la mpunga, ukimwambia chakula cheupe cha kila siku, atafikiri nini tena? Nilicheka peke yangu. Kupeleka mchele kwa watu wanaokula wali kila siku ni kujichosha bure. Maelezo yaliendelea ukurasa wa pili, ila mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nikakisukuma kiroba uvunguni mwa kitanda, na nafasi yake kwenye begi nikaweka kitabu.

Ndani ya treni, asubuhi ya pili. Nilikuwa nimekunjua ramani mpaka ikafunika magoti ya mama mmoja aliyepanda Mlimba.

"Baba, umepotea?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Najua kabisa tulipo."

"Basi niondolee karatasi, ninyonyeshe mtoto."

Nilikunja ramani. Haikukubali kurudi kama ilivyokuwa, na mpaka tunavuka mpaka wa Tunduma nilikuwa bado napigana nayo.

Kasama, siku ya tatu. Dada alinipokea mlangoni. Alikuwa amenenepa, nywele za mbele zimeanza mvi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Deo." Akanishika mkono muda mrefu, asiuachie hata nilipomweleza miguu ya mama inavyovimba na kwamba nimekuja kumwomba arudi.

Mchana shemeji Mulenga, ambaye Kiswahili alikijulia kwenye reli, alininawisha mikono. Kulikuwa na ugali mweupe, samaki wakavu na majani ya maboga. Nilikula kidogo sana, nikibakiza nafasi.

"Mbona huli, mwalimu?" aliuliza shemeji.

"Nangoja ubwali," nikasema kwa Kibemba changu cha kitabuni.

Shemeji alitazama sahani yangu, akanitazama mimi. "Ndio huo unaoula."

Walicheka hadi watoto wakaja kuchungulia. Nami nilicheka. Dada alijifuta machozi ya kicheko, akauliza, "Haya, mama kakupa nini uniletee?"

"Salamu," nikasema.

"Salamu tu?"

Alianza kukusanya vyombo. Alivipanga taratibu, mgongo kanipa. "Basi bado hajanisamehe," alisema. "Usinibembeleze, Deo. Siwezi kwenda kwa mtu ambaye hanitaki."

Ndipo nilipoelewa kile kiroba kilikuwa nini. Mama hajui kuandika. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote, na nikasema yote: kinu, kupepeta, uzi, orodha ya maneno, uvungu wa kitanda.

Dada aligeuka. "Alitwanga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na ile miguu?"

"Na ile miguu."

Aliketi chini sakafuni, akalia kwa sauti. Shemeji alinyanyuka akatoka nje, kisha akarudi na sanduku tupu, akaliweka mbele yake.

"Kama mchele haukunifikia, nitaufuata," alisema dada.

Ifakara, wiki iliyofuata. Mama alikuwa barazani, miguu juu ya kigoda. Dada alipiga magoti, akamwamkia. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili na kukaa hivyo.

"Mchele ulifika?" aliuliza hatimaye.

Nilifungua mdomo nikiri kosa langu. Dada aliniwahi.

"Ulifika, mama."

"Nilijua ukiuona tu utaelewa," alisema mama.

Nilisimama nyuma yao, begi mkononi. Katika familia nzima ni mimi peke yangu niliyesoma, na ni mimi peke yangu niliyehitaji kwenda Zambia ili nielewe kiroba cha mchele.