Ng'ombe Asiyesemwa Vibaya

Mukabaranga wa Muheto alikuwa mama wa maneno machache. Asubuhi alilima, jioni alisukasuka maziwa kwenye kibuyu. Mumewe Makuza alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Gaju, zawadi ya rafiki yake Kanamugire wa Bihambwe. Kwetu ng'ombe wa zawadi hasemwi vibaya. Ukimsema, umemtukana aliyekupa, naye atamrudisha kwake.

Mwaka 1953, wakati wa kupanda mahindi, Gaju alimwangusha Béata, binti yao mdogo, akamkanyaga kiunoni. Walipomwinua, goti lilikuwa limegeukia ndani na mguu umekuwa mfupi.

"Alianguka mwenyewe kwenye mteremko," alisema Thacienne, mama mkwe.

"Lakini Mama, mimi niliona…" Mukabaranga akaanza.

"Uliona nini? Kwenu walituletea ng'ombe gani baada ya mahari, wewe?"

Wakampaka siagi, wakamlazimisha kutembea. Mahindi yakaota, yakabeba. Watoto wakamfuata Béata nyuma wakiimba, "Bata! Bata anaenda kisimani!" Naye akaambiwa: ukitaja Gaju, hakuna maziwa.

Mahindi yalipovunwa, Mukabaranga alikataa kula mpaka mtoto apelekwe dispanseri. Thacienne akafuata nyuma.

Munganga Hubert, muuguzi wa dispanseri, aliushika mguu, akaugeuza kidogo. Béata akalia.

"Iliumia lini?"

"Juma ile ilipita," Thacienne akawahi. "Alianguka."

"Mufupa ya nyonga ilitoka. Kama iko mupya, nitavuta, itarudi mahali yake. Ile ya zamani siigusi. Mufupa unaweza kuvunjika. Hiyo ni ya docteur."

Mukabaranga akafungua kinywa. Thacienne akamnong'oneza sikioni, "Sema, halafu ubaki hapa hapa. Kwa mwanangu usirudi."

Mukabaranga akamlaza mtoto mezani.

Béata akavutishwa dawa ya usingizi. Wanaume wawili wakamshika kiuno, Hubert akavuta. Akavuta tena, jasho likimtoka. Ndipo wote wakasikia mlio, kama kuni kavu ikivunjwa gotini.

Hubert aliulaza mguu polepole. Hakumtazama Thacienne.

"Mama wa mutoto. Iko tangu lini?"

"Tangu kupanda mahindi."

"Ungesema mbele ya kuvuta."

Mukabaranga akaketi sakafuni, akaukumbatia ule mguu kama mtu anayebembeleza kichanga. Béata alipozinduka alitapika, kisha akamtafuta mama yake kwa macho.

"Mama, sasa naweza kusema njo Gaju alinikanyaga?"

Thacienne ndiye aliyemjibu.

"Nyamaza, mutoto."