Miti Kando ya Kasri

Mama mdogo alikuwa mchoraji katika kiwanda cha chapa cha serikali, na kazi yake, nikisema bila kuumauma maneno, ilikuwa kufuta watu. Kila mwaka kalenda ilitoka na picha ile ile ya kasri la mfalme: kuta nyeupe pe, bendera juu, bustani kando. Bustani hiyo haikuwahi kuwapo. Palikuwa na mtaa wetu, mabati yamebanana hadi kwenye ukuta wa kasri. Mpiga picha aliupiga wote, mama mdogo akapewa brashi na rangi ya maji, akapanda miti juu ya mapaa yetu. Haukupita muda matingatinga yakaja kuuvunja mtaa, ili kasri lifanane na picha yake. Miti yenyewe hawajaipanda mpaka leo, wanafiki wakubwa.

Tulihamishiwa ghorofani. Kalenda tuliitundika ukutani kama kila mtu. Nani alitaka kuulizwa maswali? Bibi, mama yake mama mdogo, alishinda akiitazama.

"Laiti ningepaona kwetu mara moja tu," alikuwa akisema, "kabla macho hayajafunga duka."

Mama mdogo alijiinamia tu.

Kisha mfalme akafa. Mwanawe alitaka picha yake mwenyewe, na ile ya zamani, yenyewe aliyoipaka rangi mama mdogo, ikatupwa kiwandani. Mama mdogo aliiokota jalalani, akaja nayo kaifunga kwenye shuka. Alilowesha pamba, akaanza kufuta polepole. Miti ikaachia. Likatokea paa letu, kisha mlango, kisha ndoo ya bibi kizingitini. Mama mdogo alilia, nami nililia naye.

"Mama, njoo uone. Kwetu hapa!"

Bibi aliisogeza picha mpaka puani. Akaigeuza huku na huku, akamrudishia.

"Hivi vibanda vya nani? Kwetu palikuwa na miti."

"Mama, miti niliichora mimi!"

"Wewe ulikuwa unashinda kazini, utajua nini?" Akaelekeza kidole kwenye kalenda. "Kivuli chake, jamani! Nakitamani mpaka mifupa inauma."

Nilifungua mdomo nibishe, mama mdogo akanifinya. Alikaa mkekani karibu na mama yake, vidole bado vina rangi ya kijani.

"Ulikuwa unakaa chini ya upi, mama?"

Bibi akamwonyesha.