Kopo la Mapovu

Mpimaji wa usonji aliivua saa yake na kuifungia kwenye droo, mlio wake usije ukamsumbua mtoto, kisha akaketi sakafuni huku magoti yakimlia kama bawaba kavu. Mama hakumwondolea macho. Wiki tatu nzima alikuwa amemfundisha binti yake wa miaka minne kusalimia na kumtazama mtu usoni, mambo ambayo mtoto mwenye usonji huyaona magumu, utadhani wanajiandaa kwa mtihani, na sasa kila penseli ya mpimaji ilipogusa karatasi roho yake ilikuwa juu. Mpimaji hakusema “vizuri” wala “hapana.” Alisema “haya” tu, kwa sauti ile ile, hata binti alipomwaga vikaragosi vyote. Akapuliza mapovu, binti akaruka kwa furaha. Mpimaji akalikaza kopo la mapovu kifuniko, akaliweka chini, akatulia. Mikono yake minene ililala mapajani kama haina mwenyewe. Angeweza kungoja hivyo hadi jua lizame. Mama alijizuia kwa shida asiende kulifungua yeye. Mwishowe binti akaunyakua mkono wa mpimaji na kuubandika juu ya kifuniko, macho kwenye kopo tu, kama fundi aliyeokota bisibisi.

“Ameomba!” Mama akashusha pumzi. “Hata nyumbani hunifanyia hivi hivi, kutwa nzima!”

Penseli, iliyokuwa ikitia alama ndogo ndogo tu, ikaandika mstari mzima.

“Na akikushika hivyo, mama,” mpimaji akauliza taratibu, “huwa anakutazama?”

Mama akafungua kinywa ajibu upesi. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe, ule ambao binti huushika bila kuinua macho.