Mwaka Nilioingia Jikoni

Mke wangu alifariki mvua za kwanza zilipoanza, miaka ya sabini, tukiwa Inyonga. Aliniachia mabinti wawili: mkubwa alikuwa na miaka minane, mdogo mitatu. Sikulia. Watu walingoja nilie, mimi mwenyewe nikangoja, hakikuja kitu. Matanga yakaisha, wanawake waliokuwa wakitupikia wakarudi makwao, na jioni hiyo mdogo akaniuliza, "Baba, tunakula nini?"

Nilikuwa mkulima wa tumbaku. Moto niliujua, maana kukausha majani ya tumbaku ni kazi ya kuulea moto siku nyingi usipande wala kushuka. Lakini sufuria sikuwahi kuishika. Nikamwita mkubwa.

"Mama yako alikuwa anaanza na nini?"

Alifikiri kidogo. "Anaanza na kilichopo."

Kilichopo kilikuwa unga, majani ya maboga na karanga kwenye kibuyu. Ugali wangu ulikuwa na madonge, tukala hivyo hivyo. Majani niliyaunguza kidogo chini, nikamwagia maji, nikaweka karanga zilizotwangwa. Mkubwa alionja akasema, "Siyo kama ya Mama, ila inalika."

Kuanzia siku hiyo nikawa napika, kila siku, bila kupima. Sikuwa najua kipimo cha kitu chochote, kwa hiyo sikuwa na cha kuogopa. Karanga nikazikaanga kwanza kabla ya kuzitwanga, kwa sababu siku moja nilizikuta zimeloana, na harufu yake ikatoka hadi barabarani. Dagaa wa Karema niliwakaanga mpaka wakakauka kabisa, nikakamulia limau na kukatia pilipili. Maharage yaliyolala niliyaponda pamoja na viazi vitamu. Uyoga ulipojaa msituni tuliuchuma watatu, nikauchemsha na kitunguu kimoja na chumvi, basi. Siku nyingine nilisahau chumvi. Siku nyingine niliweka nyanya chungu mahali pasipostahili, pakastahili.

Wanangu walikula. Jirani yangu, mwanaume wa makamo, alipita akanikuta nimechuchumaa mbele ya mafiga.

"Bwana, utaoa lini?"

"Sijui."

"Basi nipe hiyo mboga nionje." Alikula nusu ya bakuli amesimama.

Mimi mwenyewe sikuwa nasikia ladha. Nilijua chakula ni kizuri kwa sababu sufuria ilikuwa inabaki tupu. Nilikuwa nakula, naosha vyombo, nalala, naamka, nakwenda shamba. Sikuwa na uchungu. Nilikuwa kama mtu aliyekalia mguu hadi ukafa ganzi, naye bado hajajaribu kusimama.

Mavuno yalipokaribia, dada yangu mkubwa akaja kutoka Kasansa, amepanda lori na mfuko wa mchele. Alikaa siku nne. Nilidhani ataninyang'anya mwiko, lakini alikaa kwenye kigoda akanitazama tu. Siku ya tatu nilipika mchele wake na maziwa ya karanga, nikatupia vipande vya samaki mkavu. Alikula akalamba vidole.

"Mdogo wangu, unapika kuliko mimi," alisema. "Mwanaume kukaa jikoni siyo vibaya. Lakini huyu binti yako mdogo hujamsemesha tangu nimefika."

"Namlisha."

"Unamlisha vizuri. Humsemeshi." Akasukuma bakuli pembeni. "Nipe nikae naye. Kwangu kuna watoto wenzake. Mkubwa abaki na wewe, ana shule."

Nikasema, "Sawa."

Ningeweza kusema nifikirie kwanza. Ningeweza kukataa. Nilisema sawa, nikakoroga kilichobaki chunguni kisishike.

Asubuhi lori lilipokuja barabarani, nilimfungia mdogo karanga za kuchemsha kwenye kitambaa. Dada alimpakia, akapanda na yeye. Mtoto hakulia. Nadhani alikuwa amejifunza kwangu.

Mkubwa aliniuliza njiani tukirudi nyumbani, "Kwa nini hukukataa?"

"Sijui."

Wiki nzima hakuonja mboga yangu ikiwa jikoni wala kuniambia chumvi imezidi au imepungua. Alikula, akaenda kulala. Siku ya nane au ya tisa hivi, nikiwa nasonga ugali, alikuja akasimama nyuma yangu, akasema, "Ongeza maji, Baba, unakuwa mgumu." Nikaongeza. Ndipo mazungumzo yetu yakaanza tena, kwa maji na chumvi kwanza, baadaye na mambo mengine. Jioni moja nilimwuliza wamefundishwa nini shuleni, akashangaa, akaniambia yote.

Mdogo alikulia Kasansa. Dada alimlea vizuri, sina lawama. Alikuja kututembelea akiwa na miaka kama saba, gauni limenyooshwa, anamwita shangazi yake "mama". Nilipika kila nilichokuwa nacho: uyoga, dagaa, majani ya maboga kwa karanga, na wali kwa ajili yake. Nilimwuliza maswali mengi, akajibu yote kwa heshima. Alipomaliza kula alinawa, akapiga goti kidogo kama walivyomfundisha.

"Asante, chakula kilikuwa kizuri," alisema.

Ni binti yangu wa kumzaa, nami nilimjibu, "Karibu tena."