Viatu Vyetu Vilivyoganda Kwenye Picha

Nimewahi kutoka kwenye dansi pekupeku, viatu vyangu vikabaki ndani ya picha.

Na sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimekunywa chai tu!

Mjukuu wangu ni mchoraji. Rangi anaichanganya na takataka: vizibo vya soda, vioo vilivyovunjika, mapazia makuukuu. Safari hii alikuwa anaichora klabu yetu ya usiku, ile iliyobomolewa pakawa maegesho ya magari. Yeye hakuiona. Mimi ndiko nilikompata babu yake.

Jumba la maonyesho lilishamkatalia mara mbili. "Picha zako hazina uhai." Kesho yake watu wa jumba hilo walikuwa wanakuja kumtazamia kazi kwa mara ya mwisho.

"Bibi, nimekwama hapa katikati. Watu walikuwa wanachezaje?"

Nikamwita shoga yangu, fundi cherehani. Nikamwita na Kufuli, aliyekuwa bawabu wa klabu.

Picha ilikuwa imelazwa chini, pana kama mlango wa gereji. Mjukuu akaweka kaseti ya zamani, akaenda kuosha vikombe.

Jamani, muziki hauombi ruhusa!

"Shoga, sakafu ilikuwa inang'aa hivi hivi!" Nikapanda juu ya picha. Nikamvuta Kufuli. Shoga yangu akafuata, kiuno kama hakijawahi kuuma.

Tukazunguka weee! Mara mguu haunyanyuki.

"Nani kanikanyaga?"

"Akukanyage nani?" Kufuli akajibu. "Umeganda, mama!"

Kumbe kile kilichong'aa ni gundi mbichi.

Mjukuu akatukuta wazee watatu tumekumbatiana tusianguke.

"Bibiii! Picha yangu!"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hakutugombeza. Alipiga magoti, akatufungua kamba za viatu, akatutoa miguu polepole kama anamvua mtoto aliyelala. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi gundi ilikuwa jiwe. Mama wa jumba la maonyesho akaizunguka picha. Jozi tatu za viatu, na vizibo vilivyoburutwa duara kwa miguu yetu.

"Hii inapanda ukutani kama ilivyo," akasema. "Ila haya mabuti makubwa ya katikati, ni ya mchezaji gani?"

Kufuli akainamisha kichwa.

"Mimi si mchezaji, mama. Miaka yote nilisimama mlangoni, muziki nikiusikia kwa mgongo. Jana ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia."

Shoga yangu akabonyeza kaseti, akamkamata Kufuli mkono, wakacheza. Pekupeku hivyo hivyo!

Wapendwa, mkinogewa na dansi, tokeni kidogo mkamvute ndani aliyewafungulia mlango.