Kyubu Tatu Chini ya Sufuria

Nilimpiga fundi aliyenifundisha kazi. Nilimpiga kwa kiganja wazi kwenye sikio la kushoto, saa nne asubuhi, katikati ya mji wa Kitale, mbele ya wanaume arobaini wa mjengo. Damu ilitoka sikioni ikashuka mpaka kwenye kola ya ovaroli yake. Wanaonijua watasema najigamba, maana wao husema hivyo hata nikiomba chumvi. Waseme. Kila siku watu wanapita chini ya jengo tulilokuwa tukilijenga, wananunua viatu na simu, na hawajui kilichotokea juu ya vichwa vyao.

Nilizaliwa Trans-Nzoia, katika familia iliyohama kutoka Kenya ya kati ikanunua kipande kidogo cha shamba la mahindi. Sikurithi hata jembe. Nilipomaliza shule nilikwenda Bungoma kujifunza useremala wa mjengo kwa fundi mmoja wa Malakisi, mtu mfupi mwenye mikono migumu kama mizizi. Alifundisha kwa kupiga. Ukikata ubao ukawa mfupi, ubao huohuo ulikuangukia mgongoni. Ukipinda msumari, alikuchapa kofi la sikio kisha akakuuliza, "Umesikia?" Ukijibu ndiyo, unapata la pili. Ukijibu hapana, unapata la pili na la tatu. Tulijifunza kunyamaza. Kuna wiki nzima nililala kifudifudi kwa sababu mgongo haukugusika. Lakini nilitoka mikononi mwake nikijua kusimamisha ubao wima bila kipimo, na hadi leo sijaona mwingine anayeweza.

Kisha nikaenda Ghuba, kwa Waarabu. Miaka tisa. Nilianza kwa kubeba nondo begani kwenye jua la kuangusha ngamia. Nilimwona mwenzangu akianguka kutoka juu ya jengo. Mwili ulifika kwanza, helmeti ikafika baadaye, ikazunguka chini mara tatu, ikatulia. Mimi jioni nilikuwa darasani wakati wenzangu wanacheza karata. Diploma yangu ya ujenzi, yenye muhuri mwekundu, iko ukutani sebuleni kwangu Kibomet, na nyumba yenyewe nimeijenga mimi. Sikusaidiwa na mtu.

Ndiyo maana mwenye jengo alinitafuta. Alitaka ghorofa kumi na mbili. Watu wa Nairobi watacheka, lakini Kitale watu walisimama barabarani wakihesabu kwa vidole, na vidole viliisha. Injinia aliyechora alikaa Nairobi, akawa anakuja mara moja moja. Msimamizi wa saiti, kuanzia kubomoa maduka ya zamani mpaka kupandisha nguzo, nilikuwa mimi. Wafanyakazi waliniita Injinia, nami sikuwasahihisha. Nilipotafuta fundi mkuu wa mbao, nilimpigia simu yule mzee wa Malakisi. Sikumwita kwa huruma. Hakukuwa na mwingine bora.

Jengo lenyewe lilikuwa la mchanganyiko: chini maduka na supamaketi, juu nyumba za kupanga, na mkahawa kwenye paa ili mtu anywe chai akiutazama Mlima Elgon. Hapo ndipo ugumu ulipo. Duka linataka uwazi, mteja asigongane na nguzo. Nyumba inataka vyumba, na vyumba vinataka kuta na nguzo nyingi. Kwa hiyo nguzo za juu hazikuweza kukaa juu ya nguzo za chini. Zote zilikalia slabu moja nene ya zege, slabu ya ghorofa ya tatu, yenye mihimili ambayo ukisimama ndani yake kabla zege halijamwagwa inakufika kifuani. Ghorofa tisa zingebebwa na slabu hiyo. Ikiwa dhaifu, ghorofa tisa zinawashukia wauza viatu.

Baada ya kuimwaga tuliishikilia kwa miti ya mikaratusi, mamia ya miti, kila mmoja umekazwa kwa kabari chini. Siku hiyohiyo ya kumwaga nilichota zege lilelile nikajaza visanduku vitatu vya chuma. Lilipokauka nikapata kyubu tatu, vibonge vya zege vyenye pande sawa, nikavitumbukiza kwenye pipa la maji. Siku ya ishirini na nane kyubu zinapelekwa kwenye mashine inayozibana mpaka zipasuke, na hapo unajua slabu ina nguvu kiasi gani. Kabla ya hapo, nilisema, hakuna mti unaoguswa.

Fundi alinisikiliza huku akitafuna kijiti. Yeye alikuwa na njia yake. Alipanda juu ya slabu, akapiga magoti, akalaza sikio la kushoto kwenye zege na kuligonga kwa nyundo. Zege bichi, alisema, linalia kama debe la unga. Lililokomaa linalia kama kengele ya kanisa.

Siku ya ishirini na nane ilifika. Nilikwenda kwenye pipa asubuhi, nikaingiza mkono mpaka kwapani. Maji tu.

Nilizikuta kyubu zangu nyuma ya stoo. Mama aliyewapikia wafanyakazi alikuwa amezipanga mafiga matatu, moto unawaka katikati, na sufuria kubwa ya githeri inatokota juu yake. Zilikuwa nyeusi. Moja ilikuwa na ufa unaoingia kidole.

"Mama, haya mawe umetoa wapi?"

"Si yalikuwa kwa pipa, Injinia? Yanaoga tu, hakuna kazi yanafanya. Na yako sawasawa, sufuria haiyumbi hata kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku lori ya taka ilibeba mawe yangu. Kwani ni ya nani?"

Niliipiga sufuria teke. Chakula cha wanaume arobaini kilimwagika kwenye vumbi na juu ya kiatu changu, nikaungua, nikaipiga teke la pili. Mama alishika kichwa. Wanaume waliacha makoleo, wakaja mmoja mmoja wakasimama wakiangalia mahindi na maharage yakitoa mvuke chini.

Fundi akapenya katikati yao. "Umemwaga chakula cha watu juu ya mawe?"

"Hizo ndizo zilikuwa ushahidi wangu, Mzee. Zimeungua. Zege lililopikwa haliwezi kupimwa."

"Slabu haijapikwa. Nimeigonga jana, inalia vizuri. Hii miti inatoka leo tuipandishe juu, watu wafanye kazi."

"Haitoki. Nitaita mashine ya kutoboa, tukate kipande cha slabu yenyewe, kipimwe. Siku saba."

Kelele zikapanda. Bila miti hakuna ghorofa ya nne, na bila ghorofa ya nne hakuna kibarua.

"Ati siku saba? Tukule nini, bana, na githeri ndiyo hiyo chini?"

"Huyu jua ya Arabuni ilimwingia kichwani!"

"Diploma ya kuogopa!"

Fundi alichukua nyundo yake, akapanda ngazi mpaka chini ya slabu, na umati ukamfuata. Alichagua mti wa pembeni, akapiga kabari mara mbili. Kabari ikaruka. Mti ukalegea, ukabaki umeegemea tu. Vumbi la zege likanidondokea usoni.

Nilimshika kola.

"Niachilie, kijana. Mimi ndiye nilikufundisha kushika nyundo."

"Ndiyo maana nakuzuia."

Aliinama kupiga kabari ya pili. Mkono wangu ukaondoka. Sikuupangia. Ulijua njia, maana umri wangu wote wa ujana ulikuwa umeona jinsi kofi lile linavyopigwa. Alianguka kwenye goti. Nami nikajisikia nikimuuliza, kwa sauti yake mwenyewe, "Umesikia?"

Aligusa sikio, akaangalia vidole vyake.

Sikupata muda wa kuona zaidi. Mpini wa koleo ulinipata mdomoni, jino likaniingia kooni pamoja na damu. Nilikamata kipande cha nondo nikakizungusha. Nilisikia mfupa wa mkono wa mtu ukilia, na yule mtu akalia baada yake. Waliniangusha, wakanikanyaga mbavuni. Niliinuka nimeegemea mti, nikampiga mwingine pajani. Tulikuwa tunapigana katikati ya ile miti, tukiigonga kwa migongo na mabega, nayo inatikisika.

Aliyetuokoa ni mama wa githeri. Alisimama kwenye ngazi na mwiko mkononi.

"Pigeni tu! Mti mmoja umeshalegea. Angusheni na ingine, slabu iwafunike wote, mimi nitoke nikaite wake zenu!"

Kila mtu alitazama juu. Ukubwa ule wa zege, wa kijivu, kimya, ulikuwa juu yetu sote. Wakaanza kutoka kinyumenyume, mmoja baada ya mwingine, wakimbeba fundi. Nikabaki peke yangu. Nikaitafuta ile kabari kwenye vumbi, nikairudisha, nikaikaza kwa nondo huku nikitema damu.

Siku saba zile, tangu geti kufunguliwa mpaka kufungwa, nilikaa kwenye kiti chini ya slabu na nondo mapajani. Hakuna aliyesogea. Mashine ikaja, ikatoboa, ikang'oa kipande cha zege cha mviringo, kirefu kama mkono wa mtoto. Nusu yake ikapelekwa kupimwa. Jibu likarudi: slabu ilikuwa na nguvu kuliko mchoro ulivyotaka.

Fundi alikuwa sahihi. Naandika wazi, asije mtu akasema nimeficha. Lakini siku ile nilikuwa na kyubu zilizoungua na sikio la mzee mmoja, na sikio haliwekwi mezani likasomwa. Kama angekuwa amekosea, leo ningekuwa nahesabu maiti.

Nilisafiri mpaka Malakisi na nusu iliyobaki ya kipande kile, nimeifunga kwenye shati. Fundi alikuwa amekaa kando ya banda la kukaushia tumbaku. Mkewe alinipokea kwa maneno moja kwa moja.

"Karibu, muuaji wa sikio. Daktari amesema hilo la kushoto halitarudi."

Nilimpa fundi kipande. Alikigeuza, akaomba nyundo, akakishika karibu na sikio la kushoto na kukigonga. Uso wake haukubadilika. Akagonga tena kwa nguvu. Kisha taratibu akakihamishia upande wa kulia, akagonga mara moja.

"Kengele," akasema.

"Ni kengele, Mzee."

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Na ungegusa ile miti leo bila kipimo, ningekuzuia tena."

Alisimama. Alikuwa mfupi, ikabidi aninyooshee kidole niiname. Niliinama. Kofi lake lilinipata shavuni upande wa jino lililovunjika, mpaka nikaona cheche. Mkewe akacheka kwa sauti kubwa, kisha akajizuia.

"Umesikia?"

Nilinyamaza, kama nilivyofundishwa.

"Vizuri," alisema. "Kesho nakuja na nyundo yangu."

Alikuja. Nilikuwa nimembebea mama wa githeri mawe matatu kutoka mtoni, kwa mgongo wangu mwenyewe, na pipa la kyubu sasa lilikuwa na kufuli. Wanaume walisimama barabarani, hakuna aliyetaka kuingia kwanza. Yule wa mkono uliovunjika alikuwepo, mkono umefungwa shingoni. Fundi alipita katikati yao, akapanda mpaka chini ya slabu, akageuza kichwa ili sikio la kulia linielekee.

"Wewe na diploma yako. Njoo usimame hapa, kando yangu."

Nikasimama kando yake. Karatasi ya kipimo nilikuwa nayo mfukoni, imepigwa muhuri, na nilikuwa nimeisoma mpaka nikaikariri. Alipiga kabari mara moja, mara mbili. Mti ukachomoka, ukaanguka kwenye sakafu kwa kishindo kilichonipanda mpaka kwenye meno.

Slabu haikusogea. Nilijua kwa sababu nilikuwa bado hai, siyo kwa sababu niliiona.

"Angalieni," fundi akawapazia sauti walioko barabarani. "Diploma imefumba macho."

Kisha akauendea mti wa pili.